Fomu ya Kwenda Baharini

Mume wangu ni mkaguzi wa magari, na ukitaka kujua nyumbani kwetu tunaishije, huhitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Hata mama yake mzazi humwita hivyo akiwa amemchoka. Kazini huingia shimoni chini ya gari na kurunzi na nyundo ndogo yenye mpini wa mbao, akagonga chasisi, akasikiliza, akagonga tena, kisha akapanda juu na kumwambia mwenye gari neno moja kati ya mawili: imepita, au haijapita. Kwa miaka kumi na minne hajampitishia mtu gari kwa kumwonea haya. Kaka yangu, shemeji yake kabisa, alirudishwa mara tatu kwa ajili ya kifuta kioo. Mwanzoni nilijivunia jambo hilo. Nilikuwa bado msichana, na niliuona ule uadilifu nikadhani ni upole.

Nyundo huiacha kazini, lakini tabia ya kugonga huja nayo nyumbani. Mimi ni dereva wa gari la mikate, nasambaza madukani kabla jua halijatoka, na kila mkate ninaorudi nao, yeye huugonga kwa kidole upande wa chini kabla ya kuukata. Tikiti maji huligonga. Fremu ya mlango huigonga. Binti yetu ana miaka kumi na mmoja, na tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haufungiki hata akilala. Aliwahi kumwambia mwalimu wake kwamba siku akileta mchumba, baba atamgonga kwanza aone kama ana kutu.

Safari ya baharini ilianza kwa Mama. Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu alipostaafu. Miaka thelathini na miwili alifua mashuka ya hospitali katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na mikono yake hadi leo ina nguvu za kukamua blanketi. Siku moja ya mwezi wa kwanza tulikuwa mezani, Kasuku na kitabu chake cha jiografia kando ya sahani, akauliza ni nani kati yetu amewahi kuona bahari. Hakuna. Nchi yetu haina bahari, na iliyo karibu iko nchi ya jirani, mwendo wa siku mbili kwa gari.

"Mimi maji yote niliyoyaona yalikuwa ndani ya kitu," Mama akasema. "Beseni, pipa, mashine. Ningependa kuona maji ambayo hayamo ndani ya kitu. Na ambayo hakuna mtu atakayeniambia niloweke shuka humo."

Tulicheka. Mume wangu hakucheka. Aliweka kijiko chini akamtazama mama yake.

"Nitakupeleka, Mama. Kwa gari letu wenyewe."

Siku ile nilimpenda kama siku za mwanzo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilianza safari nikiwa na kinyongo. Kinyongo nilikipata njiani, na hatukuwa hata tumetoka nyumbani.

Kampuni za watalii hakutaka kuzisikia. "Sisi si mizigo ya kupakiwa," alisema. "Tutajipangia wenyewe." Akatafuta tafuta mpaka akapata namba ya mama mmoja anayepangisha vyumba viwili karibu na ufuko, akampigia sote tukisikiliza. Yule mama alikuwa mchangamfu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara.

"Njooni mwezi wa tatu," alisema. "Au wa nne mwanzoni. Msije mwezi wa tano, jamani. Mwezi wa tano asubuhi ni ukungu mtupu. Mtatoka huko kote mje kutazama pamba."

Mume wangu aliandika: ukungu, mwezi wa tano. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Kisha akatengeneza fomu. Alichukua karatasi za ukaguzi zilizoharibika, akazigeuza, akapiga mistari kwa rula, akaorodhesha mambo thelathini na nane, kila moja na visanduku vyake viwili: imepita, haijapita. Namba moja ilikuwa chasisi. Zilifuata breki, taa, tairi la akiba, pasi za kusafiria, chumba, dawa ya kuzuia Kasuku asitapike. Namba ishirini na tisa iliandikwa: Dereva wa akiba (mke), apimwe. Mimi, ninayepitisha gari la mikate kwenye vichochoro ambavyo mbwa hupita kwa ubavu. Alinipanga ndoo mbili uani akaniambia nirudi nyuma katikati yake. Nikarudi mara moja tu, bila kusita. "Imepita," akasema, "ila kioo cha pembeni hukukitazama vya kutosha."

Namba thelathini na nane, ya mwisho kabisa, iliandikwa: Mama aone bahari. Ukungu hakuupa namba. Aliuandika pembeni kwa penseli. Fomu ikabandikwa kwenye ukuta wa jikoni, kando ya friji, na tangu siku hiyo hatukuweza kuchemsha chai bila kuisoma.

Kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililonifunga mikono baadaye. Gari halivuki mpaka bila cheti cha ukaguzi kisichozidi siku thelathini, pamoja na barua ya mwenye gari. Mwenye gari ni yeye. Bila kalamu yake, lile gari lingefika mpakani na kurudi.

Mwezi wa pili ukaenda na kutu. Aliikuta mwenyewe, chini ya sakafu upande wa abiria, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mwenzake wa kazini, ambaye kwa umbo lake kila mtu anamwita Mnene, alimwambia kutu ya namna hiyo ni ya kupaka rangi na kusahau. Mume wangu akaikata, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, hakuridhika na mshono, akairudisha. Hakuridhika tena, akairudisha tena. Kila jioni Mama alikuwa akiuliza, "Gari limepona?" na kila jioni alijibiwa, "Bado, Mama."

Mwezi wa tatu zikaja taa.

Taa hazipimwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga na kubonyeza, mwingine husimama nyuma ya gari na kusema anachokiona. Kazini husimama Mnene. Nyumbani alisimama Mama, na kazi hiyo aliipenda, kwa sababu kwa dakika tano mwanawe alikuwa akimhitaji. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa dirishani nawatazama, yeye amenyooka uani na kitambaa chake cheupe kichwani.

"Breki!"

"Inawaka!"

"Indiketa ya kulia!"

"Inawaka!"

"Rivasi!"

"Inawaka!"

Mume wangu akaweka alama kwenye fomu, akapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu Kasuku azaliwe.

Jumatatu alirudi saa kumi, uso umemkunjamana, akatoa leso mfukoni na kuifungua mezani. Ndani kulikuwa na balbu ndogo ya taa ya breki. Mnene ndiye aliyeiona, gari likiwa linaingia langoni kazini, akapaza sauti mbele ya foleni nzima ya wenye magari: Mkaguzi, yako ya kushoto imekufa. Watu aliowarudisha nyumbani mara mbili mbili walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mama," alisema. "Hii uliniambia inawaka."

"Labda imeungua njiani, mwanangu."

"Haijaungua njiani. Tazama, imekuwa nyeusi ndani. Imekufa siku nyingi."

Akamwekea kiganjani. Mama akaigeuza geuza, akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali. "Basi nisamehe. Nilikuwa nawaza mengine."

"Taa si kitu cha kuwazia mengine, Mama."

Akaondoka kwenda kunawa. Kazi ya kusimama nyuma ya gari akapewa Kasuku, na Mama akabaki amekaa, balbu mkononi. Mume wangu anayeona ufa wa unywele kwenye kioo cha gari linalotembea hakuona nilichokiona mimi. Mama alipokuwa akiomba msamaha ule kwa aibu, alikuwa anakitazama kibakuli cha sukari. Hakuwa akimtazama mwanawe. Nikakumbuka pia kwamba pedali ya breki ya gari letu hulia, kwamba indiketa hugonga tik tik ndani, kwamba gia ya rivasi ikiingia husikika hadi jikoni. Madirisha ya gari yalikuwa wazi. Mama alikuwa akijibu sauti.

Kesho yake nilirudi kutoka kwenye mzunguko wa mikate saa nne. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza ukutani. Nilisimama mbele yake.

"Mama, hii nguo yangu mpya unaionaje?"

Akainua kichwa akatabasamu. "Imekupendeza, mwanangu. Na rangi imekukubali."

Nikakaa chini kwenye sakafu, mbele yake. "Mama. Nimevaa sare ya kazi."

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. Kisha akaendelea kuchambua.

"Imeanza lini?" nikauliza.

"Mwaka jana. Inaanzia pembeni. Kama mtu anayefunga pazia taratibu, hata humsikii."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Mwanangu? Yule nimemzaa mimi, namjua. Chenye kasoro hakitoki getini. Ataniandikia haijapita, atanibandika pale kando ya friji, na bahari nitaisikia kwa Kasuku kwenye jiografia." Akatafuta mkono wangu akaushika, na ule mkono wa dobi ulinibana hadi mfupa. "Hili jicho la kushoto bado lina kitundu. Nikipelekwa sasa nitaona. Niapie hutamwambia."

Nikala kiapo. Nilikila nikiwa na unga wa mikate kwenye viwiko, mchele umetawanyika kati yetu, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kumkatalia.

Wiki hiyo nilimpeleka kliniki ya macho kwa gari la mikate, baada ya kushusha mzigo wa mwisho. Daktari, binti mdogo mwenye sauti tulivu, alimpima muda mrefu kisha akaniita kando. Ni presha ya macho, alisema. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki tutajaribu kukilinda kwa dawa ya matone.

"Kitakaa mpaka lini?"

"Pengine miezi. Pengine wiki. Kama kuna kitu anataka kukiona, msikiweke kiporo."

Njiani Mama hakuniuliza daktari amesema nini. Aliniuliza kama gari bado linanukia mikate, au pua nayo imeanza kumdanganya.

Nikaanza kumsukuma mume wangu. Nilimsukuma kwa upole, kwa utani, kisha kwa ugomvi. Twende wiki ijayo, nilisema. Akasema gari halijapita. Nini kimebaki? Namba moja, rangi ya chini haijakauka vizuri, na sasa anataka kukagua waya zote za taa, kwa sababu balbu ikifa bila mtu kujua, huenda waya ndio wenye ugonjwa. Nikamwambia Mama anazeeka.

"Mama ni mzima kuliko mimi na wewe," akajibu, akiwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

Damu ilinichemka. Nilitamani kuivuta ile miguu hadi chumbani kwa mama yake. Lakini nilikuwa nimeapa, na badala yake nikafanya ujanja, na ujanja wangu ndio uliotumaliza.

Kwa kawaida ya kazi yao, mkaguzi hasaini cheti cha gari lake mwenyewe. Husaini mwenzake. Basi nikaenda kwa Mnene, nikamkuta ameegemea lango, nikamwambia, "Shemeji, tusaidie. Huyu mtu atatuzeesha na hilo gari." Mnene akacheka hadi tumbo likatikisika. Alisema lile gari ni zima kuliko la mkurugenzi, akaingia ofisini, akasaini, akagonga mhuri. Ilikuwa tarehe ishirini na sita ya mwezi wa tatu. Niliendesha kurudi nyumbani huku naimba. Nilijua tukiondoka Jumamosi, Jumatatu Mama angekuwa amesimama mbele ya bahari na kile kitundu chake.

Wakati wa chakula nikaweka cheti mezani. Mume wangu akakisoma chote, mpaka namba ya kitabu.

"Aliingia shimoni lini?"

"Ana miaka ishirini kazini."

"Nimekuuliza aliingia shimoni lini."

Nikautazama ule mhuri. Akakichana katikati, akaviweka vipande pamoja, akachana tena, taratibu, bila hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. "Watu wanne, Mama Kasuku. Siku mbili barabarani. Nikimuua mama yangu kwa sababu ya haraka zako, utanijibu nini?"

Na maneno yake yalikuwa na maana. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo, kwamba kila alilosema lilikuwa na maana. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, neno moja tu: haoni. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono imezunguka bakuli lake. Akakohoa mara moja, kikohozi kikavu ambacho hakikuwa cha mgonjwa. Nikaufunga mdomo. Mume wangu ana makosa yake na siwezi kumsamehe, lakini lile la meza ile ni langu.

Ilikuwa wiki ya tatu ya mwezi wa nne. Nilimpelekea Mama chai chumbani asubuhi, nikamkuta amekaa kitandani, amevaa, amejitayarisha.

"Leo mbona hujafungua dirisha?" akauliza.

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa hadi juu ya shuka, hadi juu ya mikono yake. Nilimwekea kikombe mikononi.

"Nimechelewa, Mama. Nafungua sasa." Nikaenda nikalifunga, nikalifungua tena, ili alisikie.

Alisikiliza hadi mwisho. "Usihangaike, mkwe wangu," akasema. "Nimeshaelewa."

Nililia mimi. Yeye alikunywa chai.

"Sasa tumwambie," nikasema nilipoweza kusema.

"Tumwambie nini? Kwamba amechelewa? Itamsaidia nini?" Akanyoosha kikombe kitupu, nikakipokea. "Ameahidi mbele ya mtoto wake. Mwache anipeleke. Nitasimama pale, nitasema nimeona, tutarudi. Kusema inawaka nimeshazoea."

Tangu siku hiyo nikawa macho yake. Nilimnong'oneza kila kitu: kikombe kulia kwako, ngazi mbili, Kasuku amevaa nyekundu. Kasuku hatukumwambia, maana siri ukimpa yeye ni sawa na kuipeleka redioni. Tulimwambia Bibi ana goti, ndiyo maana anashika mkono wa mtu. Mume wangu alilisikia lile la goti, akaliamini. Akaongeza mstari kwenye fomu, namba thelathini na tisa, hapo chini ya bahari: Goti la Mama, kiti cha kukunja. Akatafuta kiti cha kukunja madukani wiki nzima, akawa anakikalia mwenyewe, anakigonga miguu, anakirudisha, mpaka akapata kinachomfaa. Nilimtazama akikipaka mafuta kwenye bawaba na sikujua nimwonee huruma au nimpige nacho.

Mwezi wa tano gari likapita. Safari hii Mnene alilazimishwa kukaa shimoni saa nzima, akatoka ameloa jasho, akasaini. Nikamkumbusha mume wangu habari ya ukungu. Akaitazama ile penseli pembeni ya fomu kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine.

"Ukungu huondoka jua likipanda," alisema. "Kutu haiondoki."

Tukaondoka. Sehemu kubwa niliendesha mimi, maana mkaguzi anajua gari likiwa limesimama, likitembea humtia wasiwasi. Alikaa nyuma na Kasuku, faili limelala magotini, anasikiliza kila mlio. Mama alikaa mbele, kioo kimeshushwa. Kasuku akisema, tazameni kile kilima, Mama husema, kilima kizuri. Kasuku akisema, ng'ombe, Mama husema, wengi kweli. Mama alikuwa nyuma ya Kasuku kwa pumzi moja tu, na mle ndani ya gari hakuna aliyelisikia hilo ila mimi.

Mpakani ofisa alikuwa anakula. Mume wangu akampa cheti kwa mikono miwili. Ofisa akakigonga mhuri bila kukisoma, akaashiria kwa kichwa twende, na gari lenyewe hakulitazama hata kidogo. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumeza tonge. Miezi minne, kutu, fundi, waya, na jicho la mtu. Kwenye kioo cha kati niliona masikio ya mume wangu yamekuwa mekundu, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa kilomita nyingi.

Tulifika jioni, giza limeingia, tumechoka. Yule mama mwenye nyumba alitupokea na kurunzi, akatuonyesha vyumba, akasema bahari iko hapo mbele, hatua mia mbili, mtaiona asubuhi. Alianza kusema na jambo jingine, nadhani habari ya hali ya hewa, lakini mume wangu alikuwa ameshainama kukagua bomba la gesi.

Asubuhi niliamka nikafungua mlango, na dunia haikuwepo. Kulikuwa na weupe mtupu, kuanzia kizingitini. Gari letu, hatua nne tu kutoka mlangoni, lilionekana nusu. Mume wangu alikuwa ameshavaa, amesimama katikati ya weupe ule na fomu mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau mtoto dukani.

"Litapanda jua," akasema.

Mama alikuwa tayari, kitambaa cheupe kichwani, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Twendeni basi," alisema. Mume wangu akamshika mkono, kwa ajili ya goti, akamtoa nje. Kasuku alikuwa ameshachomoka mbele akiwa na ndoo. Nikasema ngojeni nifunge mlango. Kufuli la nyumba ile lilikuwa gumu, ufunguo ukakataa kugeuka, nikaupindua huku na huku, na wao wakaendelea kwenda. Nilikuwa sijamwambia Mama. Nilikuwa nimemwambia kila kitu kwa wiki nne, kila kikombe na kila ngazi, na asubuhi ile sikuwa nimemwambia neno hilo moja, ukungu.

Niliacha ufunguo mlangoni nikakimbia. Nikafuata sauti ya maji. Niliwakuta wamesimama pale mchanga unapoanza, mume wangu amefungua kiti cha kukunja lakini Mama hajakikalia. Amesimama wima kama alivyokuwa akisimama nyuma ya gari, uso ameuelekeza kule kunakotoka mngurumo, na anatabasamu. Mume wangu alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi.

"Mama," akaanza, "leo kidogo..."

"Naiona, mwanangu," Mama akasema. "Naiona yote. Bluu mpaka mwisho kule. Inawaka."

Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yao, mkono umenifika mdomoni. Mume wangu alitazama mbele, kwenye ule weupe usio na kitu. Kisha akageuka akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, alimkagua. Akainua mkono wake taratibu, akaupitisha mbele ya macho ya Mama, mara moja, mara mbili. Mama aliendelea kutabasamu kuielekea bahari.

Akanigeukia. Midomo yake ikasema bila sauti: tangu lini?

Nikamwendea karibu kabisa, nikamjibu sikioni. "Jicho moja lilikuwa bado linaona siku uliyochana cheti."

Sikuona raha niliyoitegemea. Nilikuwa nimeyatunza maneno yale kwa wiki nyingi, nimeyanoa, na yalipotoka yalimwingia hadi mwisho na mimi sikupata kitu. Alisimama na fomu yake imelowa unyevu, wino umeanza kusambaa.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza. "Ile namba yangu ya bahari. Imepita, haijapita?"

Aliitazama ile karatasi. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Miaka kumi na minne hajampitishia mtu kitu kibovu, si kaka yangu, si jirani, si mimi.

"Imepita, Mama," akasema. "Imepita."

Akaweka alama. Pengine tungerudi nyumbani hivyo hivyo, kila mmoja na uongo wake, Mama akidhani amemwokoa mwanawe na mwanawe akidhani amemwokoa Mama. Lakini kutoka ndani ya ule weupe, mahali fulani karibu na maji, ikaja sauti ya Kasuku, kubwa, iliyojaa kulalamika.

"Baba! Mbona hakuna kitu? Bahari haionekani hata kidogo! Bibi, wewe unaona kitu?"

Tabasamu la Mama halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, halafu likawa halina kazi. Akainua mkono akaugusa unyevu kwenye shavu lake, akasugua vidole pamoja, kama anayejaribu shuka kama limekauka.

"Kumbe ni ukungu," akasema.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga, kichwa kati ya magoti. Mama akasikiliza upande aliokuwako, akasikiliza na upande wangu, na akacheka kidogo, kicheko ambacho nisingependa kukisikia tena.

"Basi leo tumekuwa sawa," akasema.

Kisha akatafuta kiti kwa mkono nyuma yake, na kabla yeyote hajamwongoza, akakipata mwenyewe akakaa.